Maswali ya Wasomaji: Haki ya Kupita Shambani, Leseni ya Televisheni na Habari za Jioni

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi hapa Uingereza. Kila mmoja ameuliza lake, lakini karibu zote zinagusa jambo moja, nalo ni kutaka kujua ni kipi katika nchi hii ni mali ya umma, na mtu aliyehamia kutoka kwetu anaweza kukitumia kwa kiasi gani bila kujiona anaiba. Tumechagua barua tano na kuzifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Tunaishi Sheffield na tuna watoto wawili. Wamerudi kutoka safari ya shule wakisema walitembea milimani na kukatiza mashamba ya watu, na sasa kila Jumamosi wanataka twende. Baba yao, aliyekulia Moshi, anakataa katakata. Anasema mtu mwenye adabu hapiti katika shamba la mwenzake bila kupiga hodi, na kwamba ipo siku tutafukuzwa kwa mbwa. Nani kati yetu amesema kweli? (Mama wa watoto wawili, Sheffield)

Marahaba, mama. Adabu anayoitetea baba watoto ni ya kweli, nami nisingependa aiache, ila katika jambo hili hodi ilikwisha kupigwa zamani na sheria ikaitikia. England na Wales zina takribani kilomita 225,000 za njia za umma, na nyingi kati ya hizo zinapita katikati ya mashamba na malisho yenye wenyewe. Ardhi ni ya mkulima, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, na haki hiyo haifi kwa sababu shamba limeuzwa au limerithiwa. Njia hizo zimeandikwa katika ramani rasmi zinazotunzwa na halmashauri, na zinaonekana pia katika ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, zenye jalada la rangi ya chungwa, ambamo zimechorwa kwa vistari vya kijani. Ukiwa huko nje utazitambua kwa vigingi vya mbao vyenye mshale. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu, na wa buluu unawaruhusu pia wapanda farasi na baiskeli.

Mkifika mahali ambapo ngano imepandwa, mtaona ukanda mwembamba wa udongo uliokanyagwa ukikata shamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, mabua yakiwa yamesimama kulia na kushoto kufikia kifua cha mtoto. Ukanda huo haukuachwa kwa hisani ya mwenye shamba. Mkulima akilima juu ya njia ya miguu inayokatiza shamba lake, anatakiwa airudishe katika muda wa siku 14, iwe na upana usiopungua mita moja, na asiache mazao yaifunike. Mwisho wa shamba huenda mkakuta lango dogo linalocheza ndani ya uzio wa nusu duara: unaingia, unajibanza pembeni, unalisukuma kuelekea ulikotoka, kisha unatokea upande wa pili. Mtu hupita, kondoo hawezi. Wafundisheni watoto kuacha kila lango kama walivyolikuta. Lililofungwa lifungwe na lililo wazi liachwe wazi, kwa kuwa huenda mkulima amelifungua makusudi ili mifugo ikanywe maji. Hapo ndipo adabu ya Moshi inapohitajika, na mume wako ndiye mwalimu anayefaa kuifundisha.

Ningependa watoto wajue pia kwamba uhuru wa kutembea milimani haukushuka kutoka mbinguni, na kwamba ninyi wa Sheffield mnaishi karibu kabisa na mahali ulipopiganiwa. Mlima Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636, uko kati ya mji wenu na Manchester. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya mlima huo ilikuwa chini ya Duke wa Devonshire, aliyeutenga kwa ajili ya kuwinda ndege, na wafanyakazi wa viwandani waliokaa wiki nzima katika moshi walizuiwa na walinzi wasiukanyage hata siku yao ya mapumziko. Tarehe 24 Aprili 1932, watu mia kadhaa walitoka kijiji cha Hayfield wakapanda kwa makusudi, wakakabiliana na walinzi, kisha wakateremka. Vijana watano walifungwa jela, akiwemo kiongozi wao Benny Rothman, aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile ya kupanda mlima, ambaye alihukumiwa miezi minne.

Adhabu hiyo iliwaudhi hata watu ambao hawakuwa wamependezwa na maandamano yenyewe, na madai ya kufunguliwa kwa milima yakapata nguvu. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na ya kuingia mashambani, na mwaka 1951 eneo hilohilo la Peak District likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini. Mwaka 2000 ikapitishwa sheria nyingine inayowaruhusu watu kutembea popote, hata nje ya njia, katika milima, nyika na ardhi za jumuiya zilizoorodheshwa. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo aliomba radhi hadharani kwa yale yaliyotendwa na babu yake. Rothman alikuwa amefariki miezi michache tu kabla ya hapo, jambo ambalo hunihuzunisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu radhi ile ilikuwa yake kwanza.

Lakini msidhani kwamba kila mahali pamefunguliwa. Huko England, haki ya kutembea nje ya njia inahusu takribani asilimia 8 tu ya ardhi. Scotland wamekwenda mbali zaidi, kwani sheria yao ya mwaka 2003 inamruhusu mtu kupita karibu kila mahali ili mradi asiharibu mazao wala kuingilia faragha ya makazi ya watu. Kuhusu kulala nje kwa hema bila kumwomba mwenye ardhi ruhusa, England nzima ina Dartmoor peke yake, na hata huko ilibidi shauri lifike Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Mei 2025 ilithibitisha haki hiyo. Naona ni kidogo mno kwa nchi inayojisifia mashambani kwake.

Kwa hiyo, mama, pandeni treni ya kwenda Manchester inayosimama vituo vidogo, mshuke Edale. Njia inaanza karibu na kituo. Mwambie baba watoto abebe ramani yeye mwenyewe. Mtu aliyeshika ramani hajioni mvamizi.

Habari za kazi? Ninapanga chumba katika nyumba ya watu wanne huko Reading. Sina televisheni, ila jioni huangalia taarifa ya habari ya nyumbani kwa simu, moja kwa moja, na Jumamosi mpira. Nimeletewa barua tatu za leseni ya televisheni zikinitisha. Mwenzangu ananiambia nizitupe. Je, nitalipaje leseni ya kitu nisichokuwa nacho? (Kijana wa Reading)

Usizitupe. Leseni hii haitozwi kwa sababu ya kumiliki chombo, bali kwa sababu ya unachotazama. Mtu yeyote anayetazama matangazo ya televisheni wakati yanaporushwa hewani anatakiwa kuwa na leseni, awe anatumia televisheni, kompyuta au simu, na iwe ni stesheni ya hapa au ya Dar es Salaam na Nairobi. Leseni inahitajika pia kwa kutumia iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, hata kama kipindi kilikwisha kurushwa. Hilo liliongezwa Septemba 2016. Ambacho hakihitaji leseni ni filamu na vipindi unavyochagua mwenyewe kwa wakati wako katika huduma nyingine za mtandaoni, mradi si matangazo ya moja kwa moja. Kwa hiyo taarifa ya habari unayoifuatilia kwa simu, saa ileile inaposomwa nyumbani, inakuingiza ndani ya sheria.

Ada iliyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na kwa kawaida hupitiwa upya kila Aprili. Unaweza kuilipa kidogo kidogo kila mwezi. Tazama mkataba wako wa nyumba kabla ya kulipa. Ikiwa ninyi wanne mmetia saini mkataba mmoja, leseni moja inawatosha na mnaweza kuchangiana, lakini ikiwa kila mmoja ana mkataba wa chumba chake, basi kila anayetazama alipie chumba chake. Ukiamua kuacha matangazo ya moja kwa moja na iPlayer, waandikie hao wa leseni kwamba huihitaji. Ofisa wao akibisha hodi hana ruhusa ya kuingia ndani bila ridhaa yako, isipokuwa awe na hati ya mahakama, ila ukipatikana na hatia mahakamani faini yaweza kufika pauni 1,000. Wenye umri wa miaka 75 na zaidi hupewa leseni bure pale tu ambapo wao, au wenza wao wanaoishi nao, wanapokea ile nyongeza ya pensheni ya watu wa kipato kidogo. Watoto wenye wazazi wa umri huo wafuatilie, maana wazee wengi hawaombi nyongeza hiyo ingawa wanaistahili.

Najua vijana wengi wanaiona ada hii kuwa kodi ya bure, na mjadala kuhusu hatima yake umepamba moto kwa kuwa mkataba wa kifalme unaoiendesha BBC unakwisha Desemba 31, 2027. Mimi nailipa bila kinyongo. Tangu mwaka 2014 sehemu kubwa ya gharama za idhaa za dunia za BBC inatokana na ada hii, pamoja na ruzuku ya serikali, na Idhaa ya Kiswahili ni mojawapo. Mtu anayelipa leseni Reading anachangia taarifa ya habari anayoisikiliza shangazi yake Kigoma.

Assalaam alaikum. Nilianza kuisikiliza BBC ya Kiswahili nikiwa kijana Mombasa, na sasa nimekuja kukaa na binti yangu Milton Keynes. Jioni natazama habari katika televisheni, wanasema kwa utulivu kwamba jambo fulani linajadiliwa. Asubuhi nikienda dukani naona magazeti yamelipigia kelele jambo hilohilo, hili likisema nchi imeangamia, lile likisema imeokoka. Nimuamini nani? (Mzee wa Milton Keynes)

Wa alaikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Idhaa uliyoizoea ilianza kurusha matangazo Juni 1957 kutoka London, kwa hiyo sikio lako limefundishwa na mtindo uleule unaousikia jioni katika televisheni. Tofauti unayoiona kati ya televisheni na gazeti inatokana na sheria. Habari za televisheni na redio nchini hapa zinasimamiwa na mamlaka iitwayo Ofcom, ambayo kanuni zake zinadai usahihi na kutoegemea upande. Stesheni ikizivunja inaweza kutozwa faini. Siku ya kupiga kura kanuni hizo hukaza zaidi, kwani vituo vikishafunguliwa stesheni zote huacha kuchambua hoja za vyama, zikabaki kuonyesha wapiga kura wakiingia na kutoka, hadi saa nne usiku vituo vinapofungwa na matokeo ya kura ya maoni ya waliotoka vituoni yanaposomwa.

Magazeti hayafungwi na kanuni hiyo. Yana wenyewe, yana misimamo, na wakati wa uchaguzi mengi huwaambia wasomaji waziwazi wamchague nani. The Sun, kwa mfano, liliwaunga mkono Conservative katika chaguzi za 2010, 2015, 2017 na 2019, kisha siku moja kabla ya uchaguzi wa Julai 4, 2024 likahamia Labour. Sidhani kwamba kuwa na msimamo ni dhambi, mradi msomaji anajua anasoma nini. Ubaya ni pale mtu anaposoma gazeti moja miaka 20 na kudhani ameisoma nchi.

Ninakushauri, mzee wangu, ufanye hivi. Ukiona kichwa cha habari kinachokupandisha damu, soma aya ya kwanza na ya mwisho kabla ya kuamini, kwa kuwa mara nyingi maelezo ya upande wa pili huwekwa chini kabisa, mahali ambapo msomaji mwenye haraka hafiki. Kisha tafuta gazeti la mrengo mwingine usome habari hiyohiyo. Maktaba nyingi za umma zina magazeti ya kusoma bure, na pana kiti karibu na dirisha. Gazeti likiandika uongo juu ya mtu au jamii, malalamiko hupelekwa kwa IPSO, chombo kilichoanzishwa mwaka 2014 ambacho magazeti mengi yamejiunga nacho, ingawa The Guardian na Financial Times hayamo. Watu wetu hulalamika sana sebuleni na ni wachache wanaoandika barua, ningefurahi tukibadilika.

Jambo jingine: habari za taifa za BBC zikiisha saa kumi na mbili na nusu jioni, usizime. Hapo huanza habari za mkoa, ambazo vijana huzidharau. Lakini hizo ndizo zitakazokueleza kwamba zahanati ya karibu inafungwa, kwamba barabara ya kwenda msikitini imejaa maji, au kwamba halmashauri inataka kuondoa basi unalolipanda, na hayo ndiyo mambo ambayo sauti ya mzee mmoja mkutanoni bado inaweza kuyageuza.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi Birmingham, navaa hijabu. Napenda sana vile vipindi vya mashambani vya Jumapili jioni, na natamani kwenda. Lakini katika televisheni sioni watu kama sisi, na nahofia macho ya watu vijijini. Je, kule ni mahali petu? (Binti wa Birmingham)

Ni mahali penu, mwanangu, na sikuambii hivi ili kukufariji. Yule Benny Rothman niliyemtaja katika jibu la kwanza alizaliwa Manchester na wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Romania. Mtoto wa wahamiaji aliwaongoza Waingereza kudai milima yao, akafungwa kwa ajili hiyo, na leo wote wanaifaidi.

Sitakuficha kwamba yapo maneno mabaya. Siku ya Krismasi mwaka 2021, kikundi cha Muslim Hikers kilipanda Mam Tor, mlima wa mita 517 katika Peak District, watu zaidi ya mia moja wazee kwa vijana, na picha zao zilipowekwa mtandaoni zikamiminiwa matusi ya kibaguzi. Hawakurudi nyuma. Kikundi kimeendelea kukua, na kipo kingine cha wanawake weusi, Black Girls Hike, kilichoanzishwa mwaka 2019. Kwa mara ya kwanza nenda na watu kama hao, kwa sababu utapata wenye ramani, wenye kujua pa kuswali kwenye nyasi kavu nyuma ya ukuta wa mawe usiopitisha upepo, na wasioshangaa unapouliza kibla.

Kuhusu macho ya watu, utakutana na jambo litakalokupendeza. Mjini Birmingham unaweza kupanda basi mwaka mzima bila jirani yako wa kiti kukuambia neno. Katika njia ya mashambani watu husalimiana, mgeni kwa mgeni, kila wanapopishana. Wewe umelelewa kwa salamu, basi anza wewe. Mwenye chuki utamtambua kwa kutoitikia, na nijuavyo mimi ni wachache kuliko ambavyo mtandao hutufanya tuamini. Kama unataka kujua hali ya hewa kabla ya kutoka, hivyo vipindi unavyovipenda vinaweza kukusaidia, kwani Countryfile, kinachorushwa tangu mwaka 1988, hutoa utabiri wa wiki nzima inayofuata. Angalia pia tahadhari za Met Office, idara ya hali ya hewa, za njano, za rangi ya kahawia ya dhahabu na nyekundu. Iliyo nyekundu ikitolewa, baki nyumbani.

Tulikuwa tunatembea na mbwa wa jirani, ng'ombe wakatukimbilia. Tulikimbia tukatupa hadi viatu. Tufanyeje siku nyingine, na je, mkulima anaruhusiwa kuweka dume kwenye njia ya watu? (Familia ya Leicester)

Poleni sana, na nashukuru mmetoka salama, kwani ng'ombe huua watu hapa nchini. Hatari kubwa haitoki kwa dume bali kwa majike wenye ndama, hasa wakimwona mbwa. Mshikeni mbwa kwa kamba mnapoingia malishoni, wazungukieni kwa mbali, na msipite katikati ya jike na ndama wake. Wakianza kuwakimbilia, mwachieni mbwa. Hilo huwashangaza watu wengi, lakini wanamfuata yeye, naye ana mbio kuliko wao na kuliko ninyi. Ninyi tembeeni kwa haraka bila kukimbia wala kuwapa mgongo, mwelekee ua ulio karibu. Mnaruhusiwa kuiacha njia ili kuokoa maisha, kisha mkairudia mbele.

Kuhusu dume, sheria ya mwaka 1981 inakataza dume la zaidi ya miezi kumi kuwekwa katika uwanja unaopitiwa na njia ya umma ikiwa ni la aina ya ng'ombe wa maziwa. Madume ya aina nyingine yanaruhusiwa, ila yawe pamoja na majike au mitamba, kwa kuwa dume lenye wenzake huwa tulivu zaidi. Mkiona limewekwa kinyume cha hapo, piga picha kutoka nje ya lango, andika jina la kijiji na namba ya ramani ya mahali hapo, kisha mpeleke taarifa kwa idara ya njia za umma ya halmashauri, ambayo ndiyo yenye wajibu wa kumfuata mkulima.